Mlango wa Mwisho Mzima Katika Nchi ya Sare

Nchi ya Sare haimo katika ramani za shule, na hakuna anayekwenda huko kwa kupenda. Mtu huenda Sare kwa sababu kitu chake kimeharibika njiani, na kampuni iliyomkatia bima ina makao yake huko. Ndivyo alivyokwenda Bi Sikudhani wa Tanga. Na kwa kuwa alirudi mzima, na gari lake likarudi zima, habari za nchi ile zinaweza kusimuliwa bila kutiwa chumvi zaidi ya ile inayohitajika mezani.

Bi Sikudhani alikuwa mpambaji wa maharusi. Miaka nenda miaka rudi alimsinga bibi harusi, akampaka hina, akamvisha, na kazi ikiisha akasimama barazani kumtazama akipandishwa kwenye gari la mtu mwingine. Gari hilo lilikuwa la shoga yake Salha, jirani yake wa karibu, ambaye peke yake pale mtaani alikuwa na gari la kukodisha kwa harusi. Basi Bi Sikudhani akazitoa bangili za dhahabu alizoachiwa na mama yake, akaziuza, akaagiza gari jeupe kutoka ng'ambo. Hakutaka kingine duniani ila kumwona bibi harusi akishuka kwenye gari lake, kwa mlango wa nyuma wa kushoto kama ilivyo desturi ya pale mtaani, huku vigelegele vikipasua anga. Wa kwanza angekuwa Mwanamkasi, mtoto wa dada yake, ambaye harusi yake ilipangwa baada ya Idi.

Kisha ikaja habari kutoka melini. Bahari ilichafuka, mnyororo uliofunga gari la pembeni ukakatika, na gari hilo likaenda kuubamiza mlango wa gari la Bi Sikudhani. Ulikuwa ni ule ule wa nyuma wa kushoto.

Salha alikuja kumpa pole. Aliketi mkekani, akanywa chai, akasema, "Ndiyo dunia, shoga yangu. Mipango si matumizi." Alisema vizuri na alikaa muda wa kutosha, ila uso wake ulikuwa umetulia zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayetoa pole. Bi Sikudhani aliliona hilo, akalimeza, akafunga safari.

Kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni wa Sare ni magari. Si kwamba ni mabovu. Mgeni wa kutoka kwetu hawezi kushangazwa na gari bovu. Kinachoshangaza ni kwamba yote yana ubovu mmoja. Kila gari lina taa moja tu ya mbele, ya kulia imevunjwa. Kila boneti ina mbonyeo mmoja katikati. Kila kioo cha mbele kina ufa unaoanzia juu na kupinda kuelekea kwa dereva, na milango mitatu kati ya minne imebamizwa isifunguke. Gari la taka liko hivyo, la daktari liko hivyo, na lile jeusi refu lililompita Bi Sikudhani likiwa na bendera, nalo liko hivyo hivyo. Watu waliomo wanapungiana mikono kwa furaha.

Ofisi ya bima ilikuwa jengo kubwa safi, lenye maneno yaliyochongwa juu ya mlango: KIFO CHA WENGI HARUSI. Bi Sikudhani, kwa kuwa harusi ndiyo kazi yake, aliona kwamba amefika kwa watu wanaojua mambo.

Alipokewa na Bwana Shomvi, Mkadiriaji wa Hasara, mtu mpole mwenye kanzu ambayo mkono mmoja ulikuwa mfupi, kama kanzu zote za nchi ile. Wakaenda pamoja bandarini, kwenye uwanja wa forodha, lilikowekwa gari lake. Moyo ulimwuma alipoliona. Lilikuwa jeupe kama maziwa, na ubavuni mwake kulikuwa na shimo la upana wa sinia la pilau. Bwana Shomvi akaamuru mlango ung'olewe, ulazwe chini, na shimo lijazwe mchele mpaka lilingane na ukingo. Mchele ule ukapimwa, ukatoka kibaba na nusu. Sheria ya ushahidi katika Sare hairuhusu mchele uliopimia hasara kurudi sokoni, kwa hiyo ulipikwa pale pale bandarini na wakadiriaji wakaula kwa mchuzi. Mdai naye hukaribishwa. Bi Sikudhani alikula, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kunyima sifa, alikiri kwamba ulipikwa vizuri.

Alikuwa amejiandaa kwa usumbufu. Kwao alizoea kuambiwa aje kesho, na kesho aambiwe mhusika ametoka. Lakini kabla hajanawa mikono, Bwana Shomvi alimletea jibu.

"Hongera, dada yangu. Madai yako yamekubaliwa yote."

Bi Sikudhani alishukuru Mungu kwa sauti.

"Kuanzia wiki ijayo," aliendelea Bwana Shomvi, "kila mlango wa nyuma wa kushoto katika nchi hii utabonyezwa kibaba na nusu. Kazi ikiisha utakuwa hujapungukiwa na kitu mbele ya mtu yeyote."

Bi Sikudhani alinawa mikono, akajipangusa.

"Na gari langu?" akauliza.

"Gari lako lina nini?"

"Mlango wake umebonyea, bwana."

"Na ya wenzako itakuwa imebonyea vile vile. Sasa hasara iko wapi?" Bwana Shomvi hakuwa anafanya mzaha. Alikunja ule mkono mrefu wa kanzu na kueleza taratibu, kwa namna ya mwalimu anayependa somo lake. "Hasara ni tofauti, dada yangu. Mtu akikosa chai asubuhi na jirani zake wote wamekosa, hajapata hasara. Wameamka tu siku isiyo na chai. Lakini akikosa yeye peke yake, hapo ndipo inapouma. Wazee wetu walilitazama jambo hili kwa muda mrefu. Kumpandisha mmoja aliyeshuka ni kazi ngumu, haina uhakika. Kuwashusha wengine ni kazi ya nyundo."

"Lakini mimi si mtu wa Sare. Kwetu Tanga milango ni mizima."

"Tanga haimo katika mkataba," alisema Bwana Shomvi kwa masikitiko ya kweli.

Alipelekwa kulala katika nyumba ya wageni ya mama mmoja aitwaye Bi Kidawa. Na hapa lazima haki itendeke: nyumba ilikuwa ya kupendeza. Birika lilikuwa halina mkono, kwa sababu zamani birika la mtu mmoja lilikatika mkono. Viti vilikuwa na miguu mitatu na kuegemezwa ukutani, kwa sababu hiyo hiyo. Na saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa nne na robo kama saa zote za nchi. Lakini hakuna aliyefunga mlango usiku. Nani aibe birika lisilo na mkono wakati nyumbani analo? Majirani walikuwa hawasengenyani kuhusu mali, hawakopi ili waonekane, hawaangalii sahani za wenzao. Bi Sikudhani alikula samaki wa kupaka, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu meli ing'oe nanga. Kusema kweli, alipapenda.

Asubuhi alimkuta Bi Kidawa akimtoa mama yake kwenda zahanati. Mama huyo, Bibi Mize, alikuwa na miguu iliyovimba, na kila wiki ilibidi akafungwe bendeji. Gari lao lilisimama uani. Kwanza Bi Kidawa mwenyewe aliingia kwa mlango wa nyuma wa kushoto, akapanda juu ya viti, akavuka hadi kwenye usukani, na pale akakaa akivuta pumzi. Kisha mlango ule ule ukafunguliwa kabisa, nao ukafunguka bila kelele, na wapangaji wawili wakamkalisha bibi kizee polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, huku akiwatania kwamba ujana wao ni wa bure.

Bi Sikudhani alitazama, akaitazama na ile milango mingine mitatu.

"Kidawa, mwenzangu," akasema, "kwani nchi hii mlango unaofunguka ni huo tu?"

"Ni huo tu," Bi Kidawa alijibu kutoka kwenye usukani. "Wa dereva ulikwenda enzi za tajiri wa ng'ambo aliyegonga mnazi. Ule wa pili ulikwenda kwa ajili ya bibi mmoja, gari lake liliangukiwa na kontena. Wa tatu sikuwepo, nilikuwa sijazaliwa. Huu umebaki kwa bahati, hakuna aliyewahi kugongwa upande huo."

"Mpaka mimi."

"Mpaka wewe. Wala usione haya, dada. Ni zamu yako."

"Na mama atapandaje?"

"Tutamwingiza dirishani."

"Mimi siingii dirishani kama mwizi," alisema Bibi Mize. "Nitakaa nyumbani. Na wenye miguu mibovu wote watakaa nyumbani. Hapo hakuna aliyemzidi mwenzake." Akacheka, na Bi Kidawa akacheka, na wapangaji wakacheka. Bi Sikudhani alijaribu, kicheko kikagoma.

Alimwonea huruma yule bibi kiasi cha kukosa hamu ya chai. Alikuwa amekuja kutafuta mlango wake, na sasa alikuwa karibu kuwafungia watu wa nchi nzima mlango wao wa mwisho. Hakukaa. Alijitupia kanga akaenda moja kwa moja kwa Bwana Shomvi na kumwambia kwamba anafuta madai yake.

"Hayafutiki," alisema Bwana Shomvi. "Hasara ikishatangazwa si yako peke yako. Watu wamekwishajua kwamba kuna mtu amepungukiwa. Haifutiki mpaka tofauti iondoke."

"Basi uninyooshee mlango wangu. Ukiwa mzima kama yao, tofauti imeondoka."

Bwana Shomvi alitaka kusema haiwezekani. Alitafuta kichwani sheria ya kukataza jambo hilo, na hakuipata. Hakuna aliyewahi kulikataza kwa sababu hakuna aliyewahi kuliwazia. Akamwita Fundi Mbwana aje bandarini.

Fundi Mbwana alikuwa Mbonyezaji wa Serikali, kama baba yake kabla yake, na alijiona sana. Alivaa joho. Nyundo zake zilikuwa zimepangwa katika kisanduku cha mahameli, na aliweza kuuiga mbonyeo wowote, mpaka mikunjo midogo ya pembeni ambayo wasiojua hawaioni. Alipoambiwa kwamba safari hii anatakiwa kunyoosha, alikasirika.

"Mimi nimetukanwa mara nyingi," alisema, "lakini si namna hii."

"Sikukutukana, fundi," alisema Bi Sikudhani. "Wamesema wewe ndiye bingwa. Mimi nimeuliza tu kama bingwa anaweza kurudi alikotoka."

Fundi Mbwana aliutazama mlango ule uliolala chini. Alizunguka, akapiga magoti na joho lake, akapitisha kiganja kwa nje, kisha akaugeuza na kupitisha kwa ndani. Mwisho akasema, "Nyundo ni ile ile," kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukiingia. Akaanza kugonga.

Haikuwa kazi safi. Mkono wake ulizoea kwenda chini, na mara mbili aliharibu alichokitengeneza. Lakini kabla ya adhuhuri mlango ulikuwa umenyooka, ukarudishwa mahali pake, ukafunguka na kufungika. Bi Sikudhani alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya kanga. Tofauti ilikuwa imekwisha, mlango wa Bibi Mize ulikuwa salama, na harusi ya Mwanamkasi ilikuwa na gari lake. Alidhani kazi imeisha.

Kosa lilikuwa la wote. Walikuwa wameutazama mlango tu, wakasahau gari.

Watu wa bandari walikuwa wamekusanyika kuangalia kunyoosha, jambo lisilowahi kuonekana. Mlango uliporudishwa walirudi nyuma ili walione gari lote vizuri. Mchukuzi mmoja mzee akasogea mbele, akagusa taa ya kulia.

"Mbona hili lina macho mawili?" akauliza.

Mwingine akagusa boneti isiyo na shimo. Mwanamke mmoja akafungua mlango wa dereva, akaufunga, akaufungua tena. Na katika nyuso zile, ambazo Bi Sikudhani alikuwa hajaona ndani yake hata chembe ya wivu tangu afike, akaanza kuona kitu anachokifahamu vizuri kutoka nyumbani. Kabla ya jioni nchi nzima ilikuwa imewasilisha madai.

Baraza la Usawazishaji lilikutana siku iliyofuata chini ya mwenyekiti wake, Msawazishaji Mkuu Bwana Nassibu, mtu mwenye heshima na uso wa uchovu. Baraza hili lina vyama viwili. Chama cha Kina kinashikilia kwamba mbonyeo ni mbonyeo, na kila chombo kipate kina kile kile, kiwe lori au baiskeli. Chama cha Kiasi kinasema hiyo ni dhuluma, maana kibaba na nusu kwa lori ni kuumwa na mbu, na kwa gari dogo ni kuvunjwa mbavu. Wamebishana hayo kwa vizazi, na wapo wanandoa walioachana kwa ajili yake. Siku ile, kwa mara ya kwanza, walikubaliana: gari la mgeni libonyezwe mibonyeo yote ya historia.

"Tatizo ni moja," alisema Bwana Nassibu. "Gari liko forodhani. Halijaingia nchini, kwa hiyo nyundo yetu haina mamlaka juu yake bila ridhaa ya mwenyewe." Akamgeukia Bi Sikudhani kwa adabu. "Bibi, tunakuomba uridhie. Wageni wote huridhia. Ni kazi ya saa chache, na utaondoka hapa ukiwa sawa na sisi. Usiporidhia, gari halitatoka bandarini mpaka tofauti iondoke, na watu hawa waliokuwa wameridhika hawataridhika tena."

Ukumbi mzima ulimtazama. Bi Sikudhani aliwaza harusi ya Mwanamkasi, akamwona binti yule akivutwa dirishani na shela lake. Akawaza bangili za mama yake. Aliogopa kweli, lakini alikuwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya wakwe wa watu.

"Mheshimiwa, niruhusu niulize," alisema. "Juu ya mlango wenu mmeandika kifo cha wengi harusi. Maneno ya wazee, sina ubishi nayo. Lakini mimi kazi yangu ni harusi yenyewe. Nimepamba maharusi hata idadi nimeisahau, na kuna misimu nyumba nne za mtaa mmoja zinaozesha siku moja. Sijaona hata harusi moja iliyoharibika kwa sababu jirani naye anaozesha. Sheria yenu inasema tofauti iondoke. Je, inasema iondokee upande gani?"

Bwana Nassibu alinong'onezana na Bwana Shomvi. Ilikuwa wazi kwamba sheria haikusema.

"Magari yakinyooka yote," akauliza mjumbe wa Chama cha Kina kwa wasiwasi, "tutajuaje kwamba tumeridhika?"

"Na nani ataifanya kazi hiyo?" akauliza wa Chama cha Kiasi.

Fundi Mbwana akasimama na joho lake. "Hakuna mbonyeo nchini ambao si wa mkono wangu au wa marehemu baba," alisema. "Najua kila mmoja ulipoanzia. Miaka yote nimepiga kwa nje, nanyi mkanisifu, nami nikafurahi. Jana nimepiga kwa ndani. Waheshimiwa, nataka kupiga kwa ndani tena." Akakaa. Hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kitu.

Kisha kutoka nyuma ikasikika sauti ya Bibi Mize, aliyekuwa amebebwa kuja kusikiliza. "Nassibu, mwanangu, mimi nimekunyonyesha pamoja na Kidawa wangu. Nijibu. Nikishukia mlango wa mbele, nani ataumia?"

"Shikamoo, mama," alisema Msawazishaji Mkuu.

"Marahaba. Nijibu."

Bwana Nassibu alitafuta jibu kwa uaminifu, maana alikuwa mtu mwaminifu. Huo ndio uliokuwa msiba wa nchi ile, kwamba viongozi wake hawakuwa wezi. Aliangalia upande wa Kina, akaangalia upande wa Kiasi. Akaangalia mkono wake wa kanzu, ule mfupi.

"Sioni, mama," akasema mwisho. "Natafuta wa kuumia na simwoni."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Fundi Mbwana hakuweza peke yake, kwa hiyo alifundisha, na kila mwenye gari akapewa nyundo. Nchi nzima ililia kwa chuma. Watu waligonga vibaya, wakacheka, wakagonga tena, na milango iliyokuwa imenyamaza tangu enzi za wazazi ikaanza kufunguka mmoja mmoja kwa milio kama ya mbuzi. Vioo na taa vililetwa kutoka bandarini. Bi Sikudhani, akingoja gari lake liachiwe, akawapamba maharusi wa Sare, ambao mpaka siku hizo walikuwa wakipakwa hina mkono mmoja tu. Hakuwahi kufurahia kazi yake kama wakati ule. Siku Bibi Mize alipokaa kiti cha mbele, akajifungulia mlango mwenyewe na kushusha mguu wake uliovimba juu ya udongo, akasema tu, "Kumbe hivi," na Bi Kidawa akageukia ukutani ili asionekane.

Isidhaniwe kwamba Sare imekuwa pepo tangu hapo. Mabaharia wanasema wapo wanaonung'unika kwamba milango minne ni mingi, mtu hajui ashukie wapi, na wengine wameanza kufunga nyumba usiku. Lakini mabirika yana mikono.

Siku ya kuondoka Fundi Mbwana alimpa Bi Sikudhani nyundo moja ndogo kutoka kwenye kisanduku cha mahameli. Hakusema mengi. "Usisahau ulivyoiona ikitumika," alisema.

Gari jeupe lilifika Tanga kabla ya Idi. Salha alikuja kulitazama, akalizunguka, akasema mashaallah. Na Bi Sikudhani, ambaye sasa alikuwa na jicho lililokwisha kuona mengi, aliona macho ya shoga yake yakitafuta juu ya bodi ile mahali pa kubonyeza. Hakumchukia. Alikuwa ameona nchi nzima ikifanya hivyo kwa nia njema.

Harusi ya Mwanamkasi ilijaa. Kwa kuwa msafara ulikuwa mkubwa, magari yote mawili yalihitajika: jeupe la Bi Sikudhani likambeba bibi harusi, na la Salha likawabeba wasindikizaji. Mwanamkasi alishuka kwa mlango wa nyuma wa kushoto, nao ukafunguka bila kelele, na vigelegele vikapigwa mpaka Bi Sikudhani akashindwa kuona vizuri kwa machozi. Kile alichokuwa akikitaka kilikuwa mbele yake, kikitembea na shela.

Hapo hapo nyuma yake pakasikika kishindo. Dereva wa Salha, akirudi nyuma ili apate nafasi, alikuwa amegonga nguzo ya lango. Mlango wake wa nyuma wa kushoto uliingia ndani, ukakwama, na wasindikizaji wakabaki wamefungiwa upande ule wakigonga kioo.

Salha alisimama na mikono kichwani. Wanawake wakasogea kwa Bi Sikudhani, mmoja akamnong'oneza, "Mungu hamfichi mnafiki, shoga. Sasa gari la harusi hapa mtaani ni lako peke yako." Na kwa nukta moja, hakuna haja ya kuficha, maneno yale yalikuwa matamu. Yalimteremka kooni kama uji wa ndizi.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa nyundo.

Watu wakapisha. Salha alipomwona akija na chuma mkononi, macho yake yakapanuka, akajibandika juu ya gari lake kwa mikono miwili kama mtu anayekinga mtoto.

"Sikudhani, shoga yangu, gari limekwishaharibika. Unataka nini zaidi?"

"Waambie walio ndani wasogee," alisema Bi Sikudhani, akapita upande wa pili wa gari, akatafuta mlango unaofunguka. "Hii hupigwa kwa ndani."